James Bond Hajui Kunadi

Wapenzi wa Ian Fleming wana jambo moja wanalokubaliana hata wakigombana juu ya mengine yote: kwamba mchezo wa karata ndani ya Moonraker (1955) ndiyo briji bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika riwaya. Mimi nasema ile si briji. Ni wizi uliovalishwa suti. Na si wizi wa fedha za Hugo Drax ninaoulalamikia, maana Drax ni mwizi mwenzake na alistahili. Fleming ametuibia sisi wasomaji, kwa sababu katuonyesha mkataba mkubwa kuliko yote mezani akaficha jinsi mkataba wa namna hiyo unavyopatikana.

Kwa ambao hawajaisoma: Bond na bosi wake, M, wako klabu ya Blades jijini London, wanacheza dhidi ya Drax na mwenzake Meyer. Drax anadanganya mezani, Bond anajua. Basi Bond anabadilisha karata, anaweka kasha alilolipanga mwenyewe. Drax anafungua mkono wake na kukuta pointi 31 kati ya 40 zilizomo ndani ya karata zote 52. Karibu apasuke kwa furaha. Bond anataja saba pau. Drax anasema dabo, Bond anajibu ridabo, na Drax na pointi zake 31 hali hata raundi moja. Msomaji anapiga makofi. Eti slemu kuu!

Haya, tushuke polepole.

Anayecheza karata za turufu barazani tayari ana nusu ya briji mkononi. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenzako amekaa mkabala wako, kila mtu ana karata 13. Majina ya aina nne za karata tumeshayarithi kwa Wareno: kopa, uru, shupaza, pau. Turufu nayo ni neno lao. Kwa hiyo anayeniambia kuwa briji ni mambo ya Wazungu na Kiswahili hakina maneno yake, akaulize baraza lolote la wacheza karata Unguja au Mombasa.

Nusu ya pili ndiyo mnada. Kabla karata hata moja haijatupwa mezani, mnanadi. Kila mmoja kwa zamu yake anataja dau: upande wetu utakula raundi ngapi, na turufu iwe nini, au pasiwe na turufu kabisa. Dau la mwisho ndilo linalogeuka mkataba. Anayetaja moja anaahidi raundi 7, anayetaja sita anaahidi 12, anayetaja saba anaahidi zote 13. Ahadi ya 12 inaitwa slemu ndogo, ya 13 slemu kuu. Ukitimiza, bonasi yake ni nono. Ukikosa hata raundi moja, bonasi imekwenda na wapinzani ndio wanaoandikiwa pointi. Baada ya mnada, mwenzake yule anayecheza mkataba analaza karata zake wazi mezani na kukaa kimya, tumwite bubu.

Sasa, maneno ya mnada ni 38 tu. Madau 35, na pasi, dabo, ridabo. Huruhusiwi kukunja uso, wala kukohoa kwa maana, wala kutaja dau kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi. Watu wanalichukulia jambo hili kwa uzito kweli kweli. Mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia Buenos Aires, jozi moja ya Waingereza ilituhumiwa kuambizana kwa namna wanavyoshika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia likawaona na hatia, uchunguzi uliofanyika kwao Uingereza ukasema la, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Siku hizi kwenye mashindano makubwa wanaweka pazia katikati ya meza ili mwenzako usimwone uso. Yaani mtu anakwenda mbali kiasi hicho kulinda kalugha ka maneno 38! Nashangaa watu wa fasihi, ambao kazi yetu ni lugha, tunapita hapo bila kusimama.

Na kuna jambo jingine linalotuhusu. Slemu ya leo tunaidaiwa na mtu mmoja, Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani, ambaye mwaka 1925 akiwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama aliwajaribishia abiria wenzake namna mpya ya kuhesabu pointi. Katika briji ya kabla yake, ukila raundi 12 unapewa zawadi yako ya slemu hata kama hukuiahidi, hata kama ilikuangukia tu. Vanderbilt akaukata mrija huo. Kuanzia hapo bonasi ni ya aliyesema kabla. Hukusema, hupati. Kwa mabadiliko hayo mnada uliacha kuwa utangulizi wa mchezo ukawa ndio mchezo wenyewe, na watu wawili wasioonana karata wakawa wanalazimika kuzungumza mpaka waelewane.

Wakielewana nini? Hapa ndipo riwaya zinapopotosha watu. Msomaji wa Moonraker anafunga kitabu akiamini swali la slemu ni: je, una ujasiri wa kwenda saba? Mezani swali hilo ni la mwisho, na mara nyingi jibu lake ni hapana. Swali la kwanza ni turufu iwe ipi. Sita kopa, sita shupaza na sita bila turufu si kitu kimoja chenye majina matatu. Ni mikataba mitatu tofauti, na unaweza kuwa na karata zile zile ukafaulu mmoja na kuanguka katika miwili.

Nipe dakika mbili nikuonyeshe. Chukua karata zako uzipange mezani kama hunisadiki.

Kusini ana shupaza tano: Ree, Ghulamu, 10, 8, 5. Ana kopa nne: Mfalme, Ghulamu, 9, 4. Ana uru mbili, Ree na 7. Pau zake ni 6 na 3.

Kaskazini, mwenzake, ana shupaza tatu: Mfalme, Malkia, 4. Ana kopa nne: Ree, Malkia, 7, 3. Uru zake ni 8 na 5. Ana pau nne: Ree, 10, 9, 2.

Hesabu ya kawaida ni Ree 4, Mfalme 3, Malkia 2, Ghulamu 1. Kusini ana 13, Kaskazini 15, jumla 28. Vitabu vya briji vinakwambia ukitaka slemu ndogo bila turufu uwe na kama 33. Kwa hiyo mwenye kuhesabu pointi peke yake hapa hafiki slemu kabisa, analala njiani.

Tuseme wamefika. Wacheze nini? Mtu yeyote mwenye macho atasema shupaza. Ni nane kwa jumla, na zile kubwa tano zote, kuanzia Ree hadi 10, ziko kwao. Kopa pia ni nane, nne kwa nne, lakini nani aache shupaza zinazong'aa namna ile?

Hesabu basi. Shupaza ikiwa turufu: raundi tano za shupaza, nne za kopa, Ree ya uru, Ree ya pau. Kumi na moja. Ya 12 inatoka wapi? Kuna uru moja inayopotea na pau moja inayopotea, na kopa haziwezi kusaidia kuzitupa kwa sababu ni nne huku na nne kule, zinakwisha pamoja. Umeanguka kwa raundi moja. Bila turufu ni yale yale, 11.

Sasa kopa iwe turufu. Vuta kopa raundi tatu. Wapinzani wana kopa tano, na wakiwa wamegawana tatu kwa mbili, zimekwisha kwao, huku Kusini amebakiwa na moja na Kaskazini moja. Kisha cheza shupaza zako tano. Kaskazini ana tatu tu, kwa hiyo katika ya nne na ya tano anatupa uru zake zote mbili. Cheza Ree ya uru, halafu ile 7 iliyokuwa mzigo: Kaskazini hana uru tena, anaikata kwa kopa yake ya mwisho. Kopa ya mwisho ya Kusini nayo inakula kivyake. Tano za shupaza, tatu za kopa, Ree mbili, na turufu mbili zilizobaki, kila moja na raundi yake: 12. Pau moja unawaachia, wana haki nayo.

Kopa zile tano za wapinzani zinagawanyika tatu kwa mbili takriban mara 68 katika 100. Mkataba wa sita kopa, kwa hiyo, ni mzuri. Sita shupaza na sita bila turufu ni mikataba ya kuombea muujiza.

Tazama kilichotokea hapo. Shupaza ilikuwa na nguvu kuliko aina zote, na ndiyo sababu haikufaa kuwa turufu: nguvu yake ilihitajika kwingine, kubeba mizigo. Kopa, ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo ndefu, ndiyo iliyotawala, kwa sababu kila mmoja alikuwa na fungu sawa na mwenzake, na mkono wowote kati ya ile miwili ungeweza kukata. Sijui riwaya ngapi zingekuwa bora kama mwandishi wake angelijua hilo kuhusu wahusika wake.

Sasa watu wawili wasioonana karata wanalijuaje? Kwa kuzungumza tu. Kusini anasema moja shupaza. Kaskazini ana shupaza tatu nzuri na ulimi unamwasha kuzipandisha pale pale, lakini anajizuia, anataja mbili pau, ili mwenzake apate nafasi ya kuongeza neno. Kusini anaongeza: mbili kopa. Ehee. Kaskazini: tatu kopa, tumepata nyumba. Kusini anataja tatu shupaza, kuonyesha ana Ree huko. Kaskazini nne pau, Ree yangu iko hapa. Kusini nne uru, na mimi hapa. Kaskazini anaweka karata za maneno chini: sita kopa. Wapinzani muda wote pasi, pasi, pasi. Mazungumzo ya madau manane, na hakuna neno hata moja lililopotea. Kwa maoni yangu, neno bora kuliko yote ndani yake ni lile la pili, mbili pau. Ni mtu mwenye habari njema akiamua kusikiliza kwanza.

Ubaya ni kwamba ugonjwa wa kutosikiliza haujawapata waandishi wa riwaya peke yao. Wachezaji wanao pia, na una jina. Mwaka 1933 Easley Blackwood, mtu wa bima wa Indianapolis, alibuni dau la nne bila turufu kama swali: una Ree ngapi? Chombo kizuri kikitumika mahali pake, yaani mkishakubaliana turufu na kilichobaki ni kuhakikisha hamkosi Ree mbili. Lakini kimegeuzwa kuwa chepeo cha kila shimo. Mtu akiona karata nzuri tu, nne bila turufu! Mpe mikono yetu ile miwili. Kusini anauliza, Kaskazini anajibu kwamba ana mbili. Loo, Ree zote nne zetu! Na kwa furaha hiyo anaruka sita bila turufu, au kichaa kikimzidi saba, na anaanguka. Aliuliza swali, akajibiwa kweli tupu, na jibu halikumsaidia chochote kwa sababu alichohitaji kujua hakikuwa idadi. Wahakiki wenzangu mnaohesabu tamathali za semi katika shairi na kutoa alama, natumaini mnanisikia.

Na tamaa yenyewe ni ya kuchekesha ukiitia kwenye mizani. Sita kopa ikitimia, ukiwa nje ya hatari, unapata pointi 980. Sita bila turufu, 990. Mtu anaacha mkataba unaosimama anakwenda kwenye mkataba unaoanguka kwa ajili ya pointi 10. Nitaambiwa, mbona kwenye mashindano ya jozi pointi 10 hizo zinakupandisha juu ya meza nyingine zote? Hapo nakubali nusu. Kweli, pale wanalinganisha nani kazidi, hata kwa pointi moja, na mchezaji mwenye raundi 12 za uhakika bila turufu ana haki ya kuzifuata. Lakini hiyo ni hoja ya mtu ambaye ya 12 ameshaiona. Wengi hawajaiona, wameipenda tu.

Saba ndiyo usiniambie. Slemu ndogo inalipa kama una nafasi nusu kwa nusu: bonasi utakayoipata ni sawasawa na hasara utakayoingia. Slemu kuu ni bei nyingine. Unapoacha sita kwenda saba unaweka rehani slemu ndogo ambayo tayari ni yako, na ukipiga hesabu utaona unahitaji kufaulu mara mbili katika kila tatu ndipo ilipe. Ndiyo maana wachezaji wazuri wanasimama sita mara nyingi kuliko riwaya zinavyopenda. Kusimama sita hakuna muziki, najua. Hakuna mwandishi atakayemfanya shujaa wake aseme "pasi" na pazia lifungwe. Lakini kipindi kile mtu anapoitazama saba, akaona njia inayofika karibu yake, na akaiacha, kina hadithi ndani yake kuliko ridabo zote za Blades.

Yupo aliyejua haya, na hakuwa Fleming. (Ambaye hajasoma Cards on the Table na anataka kukisoma, aruke aya hii nzima, nisilaumiwe.) Agatha Christie, mwaka 1936, anaweka meza ya briji katika chumba ambamo mwenye nyumba, Shaitana, anachomwa kisu akiwa amekaa kwenye moto wake. Washukiwa ni wanne, wote walikuwa wakicheza. Poirot anafanya nini? Anaomba karatasi za alama za mchezo. Anazisoma kama sisi tunavyosoma shairi: mwandiko, mafutisho, mtu gani anaandika namna gani. Anawauliza wanakumbuka mikono ipi na madau yapi. Kinachomfikisha kwa muuaji ni slemu kuu. Daktari Roberts alipandisha dau kupita kiasi, mpaka mwenzake akabaki na mkataba mgumu wa kucheza, macho yote mezani, na yeye mwenyewe akawa bubu, huru kuinuka na kutembea chumbani. Unaona ujanja wa Christie? Dau la Roberts halikuwa na maana kama neno la kumwambia mwenzake, kwa hiyo lazima lilikuwa na maana nyingine. Mtu anaposema jambo lisilojibu chochote alichoambiwa, anazungumza na nani? Poirot ni mhakiki. Fleming alituletea bastola yenye umbo la karata. Christie alituletea mnada, akatuomba tuusome.

Wapo watakaosema ninadai hesabu mahali panapohitaji moto, kwamba riwaya ya kijasusi ina haki ya kupunja sheria za mchezo. Sina ugomvi na kupunja sheria. Mkono wa Bond haukutungwa na Fleming hata hivyo: unatokana na kisa cha zamani cha mchezo wa wist kinachohusishwa na Duke of Cumberland, na walaghai wa karata wameufahamu kabla ya Bond hajazaliwa kichwani mwa mtu. Ugomvi wangu ni kwamba mkono wenyewe una siri nzuri ajabu, na Fleming kaikalia.

Utazame tena. Bond ana uru nane, kuanzia Malkia mpaka 2 bila kuwa na Ghulamu, 10 wala 9. Ana pau tano: Ree, Malkia, 10, 8, 4. Pointi 8 tu. M hana hata pointi moja: vikarata vidogo vya shupaza na kopa, hana uru kabisa, na ana pau tano, iliyo kubwa kati yake ni 7. Mchezaji wa kawaida mwenye mkono wa Bond angepiga kelele ya uru. Uru ikiwa turufu, Drax ana Ree na Mfalme wake, na mbili zinakwenda, mkataba kwisha. Turufu sahihi ni pau, ile fupi, kwa sababu pau ndizo wanazoshirikiana, tano kwa tano. M anazikata uru mbili za kwanza kwa vipau vyake visivyo na thamani, vigogo vya Drax vinaanguka, uru zote za Bond zinakuwa huru. Turufu za Drax nazo, Mfalme, Ghulamu na 9, zinanaswa moja baada ya nyingine kila M anapocheza pau kumwelekea Bond.

Kwa maneno mengine, mkono mashuhuri kuliko yote katika riwaya za Kiingereza unafuata kanuni ile ile ya kopa zetu nne kwa nne. Aliyeubeba ni M, mzee asiye na pointi. Na Fleming anampa M nini cha kusema katika mnada ule? Pasi. Bond hamhitaji aseme kitu, kwa sababu ameshaziona karata zake. Amezipanga mwenyewe.

Mpe mwandishi mwingine karata hizo hizo 52, bila kasha lililopangwa. Amkalishe Bond na uru zake nane asizojua zina mwenzi au hazina, na M na pau zake tano ambazo hakuna anayezidhania, na maneno 38 kati yao, na Drax mwenye pointi 31 akiwaingilia kila zamu. Niambie hapo nani atafika pau, na kwa sentensi gani. Hiyo ningeilipia.